Baba, Nimefungua Gurudumu la Kushoto

Mpendwa Baba,

Gari lako linanuka. Si harufu ya petroli, wala ya vile viti ambavyo hukutaka mtu ale hata karanga juu yake. Ni harufu ya kitu kinachoungua polepole, na inatoka kwenye gurudumu la mbele la kushoto, lile lile. Wiki nzima usukani ulikuwa unanivuta kushoto kama mtu anayetaka kuninong'oneza jambo, nami nikawa narudisha kulia na kujifanya sijui. Siku ya Jumanne nilipofika kazini nilizima, nikashuka, nikasogeza kiganja karibu na rimu. Sikuhitaji kugusa. La kulia nililishika bila shida, lilikuwa na vuguvugu tu.

Jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa breki. Lilikuwa swali: nani ameligusa gari hili? Nikazunguka nikitazama uvunguni, nikakagua kufuli za milango, nikamtazama kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama hapo anakula chapati yake hadi akahama. Kwa hiyo ujue kwamba mafunzo yako hayakupotea.

Na kazi yangu unaikumbuka. Bado niko pale langoni, napapasa mifuko ya watu wanaoingia madukani. Wenzangu wanaiona ni kazi ya kuchosha. Mimi naiona kama nyumbani. Nilikulia kwa mtu aliyeendesha magari ya polisi maisha yake yote ya kazi, na aliyehesabu vijiko baada ya wageni kuondoka.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakwenda gereji? Watu wengine walikuwa wanaacha magari na kwenda zao. Wewe ulibeba chupa ya chai na mkate, ukakalia tairi kuukuu karibu kabisa na fundi, na mimi nikakaa kando yako. Gari letu halikuwahi kulala gereji hata siku moja. "Gari iko kama mahabusu, Mama," ulikuwa ukiniambia, ukiniita hivyo kwa kuwa nilirithi jina la mama yako. "Wewe angalia pembeni kidogo tu, inatoroka vipande vipande." Ukanisimulia habari za watu waliopeleka magari mazima wakarudishiwa betri ya mtu mwingine na pampu ya mtu mwingine, na kila aliyekusikia alikuwa na habari yake ya kuongeza, maana Kampala hii nani hajawahi kubadilishiwa kitu?

Ndiyo maana uliweka alama. Wenye magari wengi huweka. Mmoja anakwaruza kwa msumari, mwingine anachora herufi. Wewe ulitumia rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka mlango wa mbele. Lakini hukupaka kwa nje kama wengine. Ulisema alama ya nje mwizi ataiona na kuiiga, kwa hiyo ulifungua vitu, ukaweka tone ndani, mahali ambapo mtu hawezi kuona bila kufungua, kisha ukafunga. Nilikushikia tochi. Nilikuwa najivunia kuwa na baba mwerevu kuliko wezi wote wa mji.

Sasa nikukumbushe jambo ambalo wewe na mimi hatukuwahi kulizungumza vizuri, la kaka yangu Rashidi.

Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na Rashidi, kifungua mimba wako, alikuwa na gereji yake ndogo kule Kyebando. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kulichukua gari bila wewe kukalia tairi. Gurudumu hili hili la kushoto likaanza kushika, ukampa gari asubuhi, akalirudisha jioni likiwa jepesi kabisa. Ulimshukuru. Siku tatu baadaye ulifungua mwenyewe, peke yako, kwenda kukagua alama zako. Zile pini mbili za breki zilikuwa zinang'aa bila tone la kijani.

Ulimwita siku hiyo hiyo. Ukaongea uani, majirani wakisikia. "Wewe umeniibia. Mtoto wangu mwenyewe. Umetoa vitu yangu ya kweli, umeweka takataka." Rashidi alisimama ameshika funguo zake. Nilisubiri aape, agombe, alie, afanye chochote. Akasema tu, "Sijakuibia kitu, mzee." Ukamwuliza pini zako ziko wapi. Akanyamaza. Ukamwuliza tena, akanyamaza tena, akaondoka. Ukanigeukia ukasema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba mtu asiyejitetea amekwisha kukiri. Nami, Baba, niliitikia. Langoni pale mtu akinyamaza ninapomwuliza kilichomo mfukoni, huwa najua.

Tangu hapo hukutaka kumsikia. Tatizo ni kwamba mtaa mzima ulikuwa unakuita Baba Rashidi. Wakikusalimia hivyo hukuitika, unapita kama hukusikia, mpaka wakajifunza kukuita Afande. Alituma salamu za Idi, hukujibu. Alikuja mara moja, ukajifungia chumbani hadi aondoke. Nilikuwa upande wako. Nataka uelewe hilo kabla sijaendelea, kwa sababu wakati mwingine wafu nao wanadhani walikuwa peke yao.

Nirudi kwenye gurudumu. Sikuthubutu kulipeleka Kyebando, bila shaka. Nikalivusha mji mzima hadi Nateete, kwa fundi ambaye hakuna mtu wetu anayemjua, anaitwa Kizito. Nilichukua likizo ya siku moja. Nilibeba chai na mkate. Alipoona natafuta tairi la kukalia alicheka, akaniita bibi kwa Kiganda, "Nyabo, wewe umefundishwa na mtu mukali." Kiswahili chake alijifunza kwenye malori ya Wakongo. Nilikaa, nikatoa simu, nikapiga picha kila kitu kabla hajagusa.

Akanyanyua upande kwa jeki, akaweka kipande cha gogo chini kwa usalama, akaniambia nizungushe gurudumu mwenyewe. Nilizungusha kwa mikono miwili. Lilisogea kiganja kimoja likasimama. La upande wa pili lilizunguka vizuri. "Unaona? Bureki inakamata na hakuna mtu amekanyaga." Nikamwambia naona. Moyoni nikasema hilo nilikuwa nalijua bila yeye.

Kisha akalegeza ile skrubu ndogo ya kutolea hewa, mafuta ya breki yakachuruzika kidogo, akaniambia nijaribu tena. Gurudumu likakataa vile vile. Akaeleza kwamba kama lingeachia hapo, kosa lingekuwa kwenye mpira unaoleta mafuta. Kwa kuwa halikuachia, kosa liko kwenye kalipa yenyewe, kile chuma kinachoibana diski kama koleo. Nikamwuliza ana uhakika gani. Akaniambia nitazame, akaanza kufungua boliti.

Kalipa ilipotoka nilisogea hadi kichwa changu kikamzibia mwanga. Padi ya ndani, kile kibao kinachosugua diski, ilikuwa imekwisha, imebaki nyembamba kama ukucha. Ya nje ilikuwa bado nene. Akairudisha pistoni ndani kwa kibanio, polepole, ikaingia bila ubishi. "Hii iko muzima," akasema. Hapo, Baba, ndipo nilipoanza kumwogopa kweli. Tapeli wa kawaida angeniambia kalipa nzima imekufa, nikanunue nyingine. Huyu alikataa kuniibia palipokuwa rahisi, na mimi nikajua mtu wa namna hiyo anajiandaa kuniibia vizuri.

Zikabaki pini mbili. Wewe unazijua, lakini nakueleza kama nilivyoelezwa: kalipa hiyo haikufungwa ikakaza, inatelezea juu ya pini mbili ili ibane diski pande zote na kuachia pande zote. Pini ikigoma, kalipa haiwezi kurudi, na padi inabaki imelala juu ya diski mchana kutwa. Pini ya juu ilitoka kwa vidole, japo kwa shingo upande. Ya chini iligoma. Aliipindua kwa spana kushoto, kulia, akapasha moto kidogo, akapindua tena. Ilitoka kwa mlio wa kizibo.

Ilikuwa ya kijani. Si tone. Ilikuwa imepakwa kuanzia katikati hadi karibu na ncha, nene, imechanganyika na grisi ikawa kama ulimbo. Kizito aliikwangua kwa bisibisi. "Nyabo, hii si kutu. Hii ni langi."

Ninakiri nilichowaza. Niliwaza amepaka yeye, saa ile nilipoinama kumimina chai. Nilimnyang'anya pini mkononi, nikaikwaruza kwa ukucha. Ilikuwa imekauka zamani, na chini yake chuma kilikuwa kinang'aa. Na rangi ile naifungua kila siku nikitoka nyumbani na kuifunga kila siku nikirudi.

"Pini yenyewe ni ya kweli kabisa," Kizito akaendelea, akiigeuza ile nyingine kwenye jua. "Hata si nzee. Fundi aliyeweka hizi alipenda mwenye gari. Halafu mutu mwingine akakuja, akapaka. Huyo ndiye ameharibu. Ni nani?"

Nikasema sijui.

Nilirudi kwenye tairi langu. Sikutazama tena mikono yake. Alisugua pini kwa msasa na brashi ya waya, akasafisha matundu yake, akaweka vile vimpira vipya vya kuzuia vumbi, akapaka grisi maalumu ya breki na kunieleza kwa nini grisi ya kawaida inavimbisha mpira, akafunga padi mpya pande zote mbili za gari. Angeweza kunibadilishia injini siku ile nisingejua. Nilikuwa nahesabu upya. Ulipogundua pini hazina alama ulikuwa umeshika pini mpya, nzuri kuliko zako. Na hukuishia hapo. Ulizipaka, safari hii kwa wingi, ili Rashidi asikuchezee tena. Kumbe hata zile za kwanza zilishika kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna aliyekuibia, Baba. Breki zako ulizifunga mwenyewe.

Tulipolijaribu, barabara ilikuwa wazi kidogo, nikaachia usukani kwa nukta moja. Gari likaenda moja kwa moja. Niliposhuka nikashika rimu zote mbili, moja kwa kila mkono, zikawa sawa. Nilitamani kukuonyesha, halafu nikakasirika kwamba nimetamani. Nilikukasirikia sana siku ile. Nimekupenda tangu nina akili, na bado nilikukasirikia.

Jumapili mchana nilikwenda Kyebando. Rashidi alinifungulia, akatazama nyuma yangu kuona gari, akanitazama. Tangu mazishi yako hatukuwa tumeonana. Siku ile ya mazishi alisimama nyuma kabisa pamoja na mafundi wenzake, na mimi, badala ya kulia kama watu, nilikuwa namchunga asilikaribie gari. Alinikaribisha ndani. Mkewe, Zaituni, alikuwa jikoni. Alinisalimia kwa adabu ya kutosha, akarudi kwenye sufuria zake.

Nikamweleza kaka yote, kuanzia harufu. Hakushangaa hata mahali pamoja. Nilipofika kwenye rangi alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mgonjwa anayemfahamu.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema? Ulisimama uani ukaitwa mwizi mbele ya watu, ukanyamaza."

Akavuta kiti, akakaa. Kisha akaniuliza kama nakumbuka ulivyokuwa unakunywa chai miaka ile ya mwisho. Nikasema nakumbuka, ulikuwa unainywa kwenye chupa. "Kwa nini kwenye chupa?" akauliza. Nikasema kwa sababu ulipenda iwe moto. Akasema hapana, ni kwa sababu kikombe kilikuwa kinamwagika. Akasema mkono wako wa kulia ulianza kutetemeka, ukawa unauficha mfukoni, na macho nayo yakawa hayaoni karibu. Zamani tone lako lilikuwa dogo kama kichwa cha kiberiti, na lilikaa mahali lisipodhuru. Siku ile alipofungua breki aliona rangi imetapakaa kila mahali, imeingia hadi kwenye matundu, na akajua mkono uliopaka hauwezi tena.

"Ningemwambia nini, dada? Huyo ni mtu aliyeendesha wakubwa usiku wa mvua bila kukwaruza hata rangi. Nimwambie mbele ya majirani, mzee, ni mikono yako? Aniite mwizi. Mwizi anaweza kusamehewa. Mkono haurudi."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwuliza zile pini za kwanza ziko wapi. Mdomo wangu uliuliza wenyewe, kama pale langoni. Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo, akasema, "Kweli wewe ni mtoto wa mzee." Alikuwa amezitupa kwenye shimo la choo siku ile ile, ili usije ukazikuta. Hana ushahidi wowote. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwamini mtu bila kufungua mfuko wake, na haikuwa rahisi, ilikuwa kama kuvuka barabara macho yamefungwa.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa tayari nimeanza kufurahi, nikiwaza jinsi nitakavyowaambia majirani. Ndipo akauliza, akitazama mikono yake, "Mzee alipokuwa hospitali, aliwahi kunitaja?"

Baba, wewe unalijua jibu. Ulisema, "Niitie Rashidi." Ulisema Jumatano asubuhi, muuguzi akiwa anabadilisha dripu, na ulisema tena Alhamisi baada ya uji. Mara zote mbili nilikujibu kwamba nimempigia na simu haipatikani. Sikupiga. Nilidhani atakuja kukulilia ili apate gari. Nilidhani unataka kumgombeza na nguvu zako zitaisha. Nilidhani mengi, na kila nilichodhani kilikuwa kibaya, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyojifunza kudhani, wewe na mimi. Ijumaa hukuomba tena. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hili nililichuma peke yangu na nikamlisha yeye.

Ningeweza kumwambia hapana. Lilikuwa neno moja tu, na angeliamini, kwa kuwa hata wewe ungejishangaa kwa kumtaja. Nikamwambia kweli. Nikamwambia siku zote mbili, na uji, na simu ambayo sikuipiga. Nilisema nikitazama sakafu, nikisubiri anifukuze. Angenifukuza ningekwenda.

Nilisikia kiti kikisogea. Nilipoinua macho alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, amenipa mgongo, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Zaituni," akasema. "Mzee aliniita."

Zaituni akauliza lini.

"Aliniita mara mbili," akasema, na sauti yake sikuijua.

Hajanisamehe, Baba. Sijui kama atanisamehe; hatukuongea tena siku ile, nilikunywa maji nikaondoka. Wala sijui ulitaka kumwambia nini. Nimekaa na swali hilo siku nyingi nikilipapasa kila upande, na nimeamua kuliacha lilivyo, ulimwita kama mtu anavyomwita mwanawe. Lala salama. Ukikutana na Mama mwambie tunaendelea, wawili, kwa shida. Na kama huko mtu atakusalimia kwa jina la mwanao, tafadhali itika.

Ni mimi binti yako, uliyeniita Mama.